Kasa akija kutaga nyuma ya nyumba yako

Usiku ukisikia mchanga ukirushwa nyuma ya ua, usikimbilie tochi. Zima kwanza taa ya barazani. Mwaka juzi mpwa wangu alimmulika kasa aliyekuwa ndiyo kwanza anapanda ufuoni hapa Watamu, pwani ya Kenya. Akageuka papo hapo, akarudi baharini na mayai yake tumboni. Iliniuma sana.

Funga mbwa, kisha kaa chini kimya, mbali, nyuma yake. Akishaanza kutaga hashtuki upesi, lakini usimpige picha kwa mwanga. Utaona machozi yakimtiririka: ni chumvi anayoitoa mwilini, halii. Mayai ni meupe, mviringo kama mpira wa tenisi ya mezani, na mara nyingi hupita 100. Mwache afukie mwenyewe, arudi mwenyewe.

Asubuhi utakuta alama zake mchangani kama za matairi ya trekta. Hapo wapigie simu watu wa Local Ocean Conservation, shirika la hapa Watamu linalolinda kasa. Wao ndio wanaojua kuhamisha kiota kikiwa karibu mno na maji. Wewe usifukue. Yai likigeuzwa, kitoto kilichomo kinaweza kufa.

Hesabu siku 50 hadi 60, ndipo mayai huanguliwa. Zikikaribia, fukia mashimo yaliyochimbwa na watoto wa watu wakicheza na uzime kila taa inayotazama bahari, maana vitoto vya kasa hufuata mwanga. Usivibebe hadi majini, viache vitambae. Mimi husimama pembeni na ufagio, kufukuza paka.