Una ree mbili, na jirani anapandisha kila mkono

Kwenye meza ya poka (Texas Hold'em) Shangani, Mtwara, chipu za kuwekea dau ni korosho zenye ganda. Zilizobanguliwa huliwa kabla mchezo haujaisha. Dau kubwa la lazima ni korosho 2, na jirani yako mkorofi kashapandisha hadi 6. Usifuate tu. Pandisha hadi 18, au 24 kama yeye atacheza baada yako. Ree mbili hushinda takriban asilimia 85 dhidi ya mkono mmoja wa kubahatisha. Dhidi ya minne, karibu 56 tu, basi usiwakaribishe wengine kwa bei chee.

Karata tatu za pamoja mezani zikifunguliwa mfalme wa kopa, saba ya pau na mbili ya uru, gonga meza, yaani pitisha bila dau, mwache atishie mwenyewe. Zikiwa shupaza tupu, weka dau papo hapo: ukipitisha, ataiona karata inayofuata bure, na huenda ikamwokoa.