Namna ya Kufuatilia Historia ya Hospitali Kongwe ya Wagonjwa wa Akili

Mtu anayeanza kuchunguza hospitali kongwe ya wagonjwa wa akili mara nyingi huanzia mahali pasipofaa. Huanza na picha za kuta zilizobanduka rangi na vitanda vya chuma vilivyoshika kutu, kisha hutafuta maelezo yatakayolingana na hofu ambayo picha hizo zimekwisha kumtia. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine, inayochosha kidogo mwanzoni lakini yenye majibu zaidi, nayo ni kuanza na hesabu ya watu. Hospitali nyingi za aina hii zilijengwa na watu wenye nia njema na matumaini yaliyopita kiasi, na kilichoziangusha huonekana kwenye safu za tarakimu miongo mingi kabla ya kuonekana ukutani.

Majina na mahali

Kabla ya kufungua waraka wowote, andika majina yote ambayo taasisi hiyo imewahi kuitwa, na mbele ya kila jina uweke mwaka na mahali. Hospitali ya Bethlem ya London ilianzishwa mwaka 1247 ikiwa nyumba ya watawa, na mwanzoni mwa karne ya 15 tayari ilikuwa na wagonjwa wa akili. Ilihamia Moorfields mwaka 1676, ikaenda St George's Fields mwaka 1815, kisha Monks Orchard mwaka 1930, kwa hiyo maelezo yanayoitaja Bethlem bila kutaja mwaka yanaweza kuwa yanahusu jengo lolote kati ya manne. Colney Hatch, iliyofunguliwa kaskazini mwa London mwaka 1851, ilikwisha kubadilishwa jina kuwa Friern ilipofungwa mwaka 1993, na anayetafuta kumbukumbu zake kwa jina moja tu atakosa sehemu kubwa ya habari.

Jambo moja la kujihadhari nalo ni kudhani kwamba jina jipya lina maana ya tiba mpya. Kubadilisha kibao cha langoni kutoka hifadhi ya wendawazimu kuwa hospitali ni kazi ya siku moja, lakini kubadilisha wodi huchukua miaka, na pengine wodi hazikubadilika hata kidogo.

Jengo lilikusudiwa kuwa dawa

Tafuta ramani ya kwanza ya jengo, na uisome ukijua kwamba waliolijenga waliamini kuta zenyewe zinatibu. Mwishoni mwa karne ya 18 Philippe Pinel na msimamizi wa wodi Jean-Baptiste Pussin, katika hospitali za Paris, walipunguza matumizi ya minyororo, na mwaka 1796 William Tuke pamoja na Waquaker wenzake, waumini wa dhehebu moja la Kikristo, wakafungua makao ya York, Uingereza, yaliyotegemea utulivu, kazi na heshima. Kutokana na mwelekeo huo, ulioitwa tiba ya kimaadili, ilizuka imani kwamba mgonjwa akitolewa katika vurugu za nyumbani na kuwekwa mahali penye hewa, mandhari na ratiba, akili yake itarejea.

Nchini Marekani imani hiyo ilipata fundi wake katika Thomas Story Kirkbride, daktari wa Philadelphia, ambaye mwaka 1854 alichapisha mwongozo wa ujenzi uliofuatwa na majimbo mengi. Kwake hospitali haikupaswa kuzidi wagonjwa 250. Ofisi na makazi ya mganga mkuu vilikaa katikati, na mabawa yalitandazwa pande mbili, kila bawa likirudi nyuma kidogo ya lililotangulia, ili kila wodi ipate hewa na mwanga. Wanaume walikaa upande mmoja na wanawake upande mwingine. Wagonjwa watulivu waliwekwa karibu na katikati, na wenye fujo wakapelekwa ncha za mwisho. Ukishaelewa mpangilio huo, unaweza kusimama mbele ya jengo usilolijua na kukisia bila kukosea sana ni nani aliyelala wapi.

Sasa chukua nakala ya ramani na uipake rangi, ukitumia rangi moja kwa kila muongo wa ujenzi. Utaona mabawa yakirefushwa, kisha majengo yakichipuka nyuma bila kufuata mpango wowote. Muhimu kuliko majengo mapya ni vyumba vilivyobadilishiwa kazi: ukumbi wa kupumzikia unapowekwa vitanda, au ushoroba unapogeuzwa bweni, mwaka huo upigie mstari. Hospitali ya Weston, West Virginia, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 1864, ilipangwa kwa watu 250, na katika miaka ya 1950 ilikuwa na takriban 2,400 ndani ya kuta zake.

Jedwali linalostahili siku nzima

Chombo muhimu kuliko vyote ni ripoti ya mwaka. Uingereza, sheria za mwaka 1845 zililazimisha kaunti kujenga hifadhi hizi na zikaunda tume ya kuzikagua. Marekani, waganga wakuu waliwasilisha ripoti zao kwa mabaraza ya majimbo. Ndani ya kila ripoti, ukipita shukrani za wafadhili na maelezo ya mavuno ya shamba, utakuta jedwali dogo linaloonyesha waliokuwepo mwaka ulipoanza, waliolazwa, waliotoka wakiwa wamepona, waliotoka bila kupona, waliofariki na waliobaki. Nakili jedwali hilo kwa kila mwaka unaoweza kuupata, hata kama ni miaka 60. Usiruke mwaka.

Ili uone kwa nini ninasisitiza, chukulia hospitali ya kubuni yenye vitanda 250, inayofunguliwa ikiwa tupu. Kila mwaka inalaza wagonjwa 100. Kati yao 40 wanapona na kurudi nyumbani, 15 wanatolewa bila kupona, na 20 wanafariki. Wanaobaki ni 25 tu, idadi ambayo haimtishi mtu. Hata hivyo, baada ya miaka 10 wale 25 wa kila mwaka wamefika 250 na hospitali imejaa, ingawa idadi ya wanaolazwa haijaongezeka hata kwa mtu mmoja. Katika miaka yote hiyo mganga mkuu ameweza kuandika, bila kusema uongo, kwamba kati ya kila watu 100 wanaoletwa kwake 40 wanapona. Mwaka wa 11 atafanya nini? Ataomba bawa jipya, nalo litajaa kwa njia ile ile, na kadiri wagonjwa wa kudumu wanavyozidi ndivyo muda wa daktari kwa mgonjwa mpya unavyopungua na waliokuwa wakipona wanavyopungua pia.

Baada ya kuchora mkunjo wa idadi, yaani mstari unaoonyesha waliobaki kila mwaka, uliza waliobaki walikuwa akina nani. Majedwali ya baadaye kwa kawaida hutaja umri na maradhi, na humo utakuta wazee waliopoteza kumbukumbu, wenye kifafa, wenye kaswende iliyofika kwenye ubongo, na watu ambao hawakuwa na ndugu wa kuwapokea. Sheria za fedha zilichangia sana. Mwaka 1890 jimbo la New York lilibeba gharama za matunzo ya wagonjwa wa akili, na kaunti zikapata sababu nzuri ya kuwahamisha wazee kutoka nyumba za maskini, zilizolipiwa na kaunti, kwenda hospitali zilizolipiwa na jimbo. Kwa macho ya takwimu ilionekana kana kwamba wazimu umeongezeka, kumbe aliyebadilika ni mlipaji.

Rejista za kulazwa nazo zisomwe kwa tahadhari hiyo hiyo. Kwenye intaneti husambazwa mara kwa mara orodha ya Weston ya karne ya 19 inayotaja kusoma riwaya, uvivu na vita kuwa sababu za watu kulazwa, na wasomaji huicheka. Safu hiyo ya rejista ilirekodi chanzo kilichodhaniwa, mara nyingi kwa maelezo ya ndugu waliomleta mgonjwa. Haikuwa utambuzi wa maradhi, wala haikuwa amri ya kumfungia mtu kwa sababu ya kitabu. Soma mstari mzima hadi mwisho, ukiangalia umri, muda wa ugonjwa na namna alivyotoka, ndipo useme neno.

Kuporomoka

Kilele kilifika katikati ya karne ya 20. Marekani, hospitali za majimbo na kaunti zilikuwa na wagonjwa wapatao 559,000 mwaka 1955. Uingereza na Wales zilikaribia 150,000 karibu na wakati huo huo. Na hospitali moja tu, Pilgrim ya New York, ilikaribia wagonjwa 14,000. Kabla ya hapo madaktari walikwisha kujaribu tiba nyingine: kuambukiza wagonjwa malaria kuanzia mwaka 1917, kukata sehemu za ubongo kuanzia 1935, na kupitisha umeme kichwani kuanzia 1938. Unapoyakuta haya kwenye faili, yaweke juu ya mkunjo wako wa idadi: mengi yalikumbatiwa katika wodi ambamo daktari mmoja aliangalia mamia ya watu.

Simulizi iliyozoeleka husema kwamba dawa ndizo zilizofungua milango. Klopromazini, dawa ya kutuliza dalili za wazimu, ilitengenezwa Ufaransa mwishoni mwa 1950, ikatumiwa na Jean Delay na Pierre Deniker katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, mwaka 1952, na ikaingia Marekani mwaka 1954. Sipingi kwamba ilikuwa na nguvu, lakini nashauri uliweke tukio la dawa na matukio ya sheria kwenye mstari mmoja wa miaka, kisha utazame ni wapi mkunjo unapokatika. Marekani, idadi ilishuka polepole katika miaka 10 ya kwanza ya dawa na ikaanza kuporomoka baada ya 1965, mwaka ambao Medicaid, mpango wa serikali wa kulipia matibabu ya watu wenye kipato kidogo, ulianzishwa. Mpango huo haukulipia matunzo ya watu wazima walio chini ya miaka 65 katika hospitali za akili, lakini ulilipia nyumba za wazee, na wagonjwa wengi wakongwe walibadilishiwa tu paa. Ukikuta ripoti inayojivunia kutoa wagonjwa 300 kwa mwaka, tafuta safu inayosema walikwenda wapi.

Penisilini nayo iliondoa karibu kundi zima la wagonjwa wa kaswende ya ubongo, jambo ambalo wasimulizi wengi hulisahau. Halafu kuna kazi za wagonjwa. Mashamba, madobi na majiko ya hospitali hizi yaliendeshwa kwa mikono ya wagonjwa wasiolipwa, hadi uamuzi wa mahakama ya Marekani wa mwaka 1973, katika kesi ya Souder dhidi ya Brennan, ulipotaka walipwe kama wafanyakazi wengine. Baada ya hapo hesabu ya gharama haikuwa ile tena. Kwa hiyo tafuta mwaka ambao shamba lilifungwa.

Siasa ilikuwa na sauti yake. Mwaka 1961 waziri wa afya wa Uingereza, Enoch Powell, alitangaza kwamba taasisi hizi, pamoja na minara yao ya maji iliyoonekana kutoka mbali, zilipaswa kuondoka. Mwaka 1963 Rais Kennedy alitia saini sheria ya vituo vya afya ya akili katika jamii, ingawa vingi kati ya vilivyokusudiwa havikujengwa kamwe. Italia ilikwenda mbali zaidi: daktari Franco Basaglia, aliyeanza kazi katika hospitali ya mji wa Trieste mwaka 1971, alifungua wodi na kujenga huduma nje ya ukuta kabla ya Sheria namba 180 ya mwaka 1978 kuzuia kulaza wagonjwa wapya katika hospitali hizo. Ulinganisho na Trieste utakusaidia kuuliza swali la maana kuhusu hospitali unayoichunguza: je, huduma ya nje ilitangulia kufungwa kwa milango, au ilifuata, au haikuja?

Kwenda mahali penyewe

Magofu yanavutia, lakini usiingie bila idhini ya maandishi ya mwenye mali. Sakafu za mbao huoza kutokea chini, na majengo mengi ya wakati huo yana asbesto kwenye mabomba na dari. Fanya haraka kupiga picha za nje, kwa sababu majengo haya hayadumu: jengo kuu la Greystone Park, New Jersey, lilibomolewa mwaka 2015, na sehemu kubwa ya Danvers, Massachusetts, ilibomolewa kuanzia mwaka 2006 kupisha nyumba za kupanga. Friern iligeuzwa makazi ya kifahari.

Faili za wagonjwa zina masharti yake. Uingereza kwa kawaida hufungwa kwa miaka 100, na Marekani kila jimbo lina utaratibu wake, mengine yakiwa makali sana. Hospitali ya Willard, New York, ilipofungwa mwaka 1995, takriban masanduku 400 ya wagonjwa yalikutwa darini yakiwa bado na nguo, barua na picha, na kwa muda mrefu wahifadhi hawakuweza kutaja hadharani majina kamili ya wenye masanduku. Unapochapisha, fuata sheria ya mahali husika, na palipo na shaka tumia jina la kwanza na herufi ya ukoo.

Mwisho, tafuta makaburi. Sehemu nyingi yana vibao vya chuma au zege vyenye nambari bila jina. Piga picha ya kila kibao kabla ya kukisafisha, chora ramani ya safu, kisha omba kuona rejista ya mazishi, ambayo si lazima ikae pamoja na faili za tiba. Inaweza kuwa kwa mwandikishaji wa vifo, kanisani au katika ofisi ya jimbo. Usichukulie kwamba nambari ya kaburi ndiyo nambari ya kulazwa. Katika hospitali ya jimbo la Oregon makopo ya shaba yenye majivu ya wagonjwa zaidi ya 3,000 yalihifadhiwa kwa miongo kadhaa, na orodha ya majina ilipotolewa hadharani, familia zilianza kuja kuyachukua. Orodha yako nayo ipange kwa majina ya ukoo, uweke mwaka wa kuzaliwa na wa kufa palipo na uhakika, na uache nafasi tupu palipo na nambari peke yake.