Fanesi ya nyumba bila kufilisika: kwa tulio kwenye baridi ya Minnesota

Fanesi, ile mashine ya gesi ya kupasha nyumba joto, haifi Julai. Hufa usiku wa Januari, watoto wamejikunyata, na bei yoyote utakayotajiwa utaikubali.

Kwanza hakikisha imekufa kweli. Yangu ilikuwa inawaka sekunde chache, inazima. Fundi wa kwanza akasema ninunue mpya. Wa pili akazima umeme, akachomoa kijiti cha kuhisi moto, chembamba, urefu wa kidole, kimeota utando mweupe. Akakisugua, akakirudisha, nyumba ikapata joto. Ila ukiambiwa kikasha cha kubadilishia joto, kile kinachotenga moshi wa gesi na hewa ya nyumba, kina ufa, omba uonyeshwe. Ukiuona, usibishane, kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, inaua.

Pili, ukubwa. Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Fundi mvivu husoma kibandiko cha fanesi ya zamani, tuseme BTU 100,000 (kipimo cha joto kwa saa), akakuandikia ileile, na kumbe ulishabadilisha madirisha. Mtake apige hesabu ya Manual J, ile ya kupima joto ambalo nyumba yako inahitaji: vyumba, madirisha, dari. Fanesi iliyozidi nyumba huwaka na kuzima ovyo. Chumba kimoja tanuri, kingine friji.

Tatu, angalia AFUE, yaani asilimia ya gesi inayogeuka joto la nyumba. Ya 80% hupoteza senti 20 za kila dola ya gesi. Ya 95% hupoteza 5. Hii ya pili ni ghali na hutaka mabomba ya plastiki na njia ya kutoa maji, basi uliza kama yamo kwenye bei. Kwa baridi ya huku mimi sifikirii mara mbili.

Nunua Aprili, mafundi wakiwa hawana kazi nyingi. Chukua bei tatu kwa maandishi, kibali kikiwemo. Ulizia punguzo la kampuni ya gesi. Nafuu ya kodi ya serikali kuu iliisha Desemba 31, 2025.

MASWALI

Kaka, nikinunua mtandaoni nikamtafuta jamaa aifunge?
Mafundi wengi hawafungi wasichouza wao, na dhamana nyingi hudai fundi mwenye leseni. Ukiokoa leo utalipa kesho, kaka.

Mimi nimepanga. Yananihusu?
Kununua ni kazi ya mwenye nyumba, dada. Sheria ya Minnesota inamtaka akupe joto la nyuzi 68 za Farenhaiti kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Mwandikie, usimpigie tu.

Chujio la hewa la fanesi nibadilishe lini?
Lile jembamba la inchi 1 likague kila mwezi. Lishike mbele ya taa. Mwanga usipopita, tupa.