Gari, ngozi na shifti ya alfajiri: kutoka nyumbani Minnesota baridi ikifika 20 chini ya sifuri

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefika Minnesota majuzi, mwenye kazi ya zamu na gari kuukuu linalolala nje. Nimeuandika baada ya kumwelekeza binti ya shangazi yangu, aliyetoka Kisii na kutua Minneapolis mwezi wa 11, akaanza kazi ya kutunza wazee kabla hajajua hata buti zinauzwa wapi. Wenye gereji yenye joto, rukeni hatua ya tatu, hamjui mlivyobarikiwa.

Usiipime baridi ya huku kwa Limuru ya Julai. Kule ukisahau sweta unatetemeka mpaka jua litoke. Huku jua linaweza kuwaka kwenye anga safi isiyo na wingu hata moja, na hiyo ndiyo ikawa siku mbaya kuliko zote za mwezi.

Jambo moja nataka lishike kabla hatujaanza. Karibu kila mtu ninayemjua aliyeumizwa na baridi hapa hakuwa amepanga kukaa nje. Alipanga kutoka mlangoni hadi kwenye gari, basi. Gari likagoma, au ufunguo ukabaki ndani, au basi likachelewa. Kwa hiyo usijiandae kwa dakika mbili ulizopanga. Jiandae kwa ishirini ambazo hukupanga.

Hatua ya 1: Soma namba mbili

Utabiri wa hali ya hewa unatoa namba ya joto la hewa na namba ya baridi pamoja na upepo. Wageni husoma moja tu, kwa kawaida ile isiyotisha. Namba zote hapa ni za Farenhaiti, ndizo zinazotumika huku, isipokuwa pale ninapotaja Selsiasi.

Mwili wako hupasha moto utando mwembamba wa hewa unaoizunguka ngozi. Upepo unaupeperusha utando huo, mwili unatengeneza mwingine, nao unapeperushwa. Ndiyo maana nyuzi 0 za Farenhaiti (-18 za Selsiasi) zikiwa na upepo wa maili 15 kwa saa huwa kama -19 kwenye ngozi, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Hewa ikiwa -20 na upepo maili 20 kwa saa, ngozi inahisi -48, na muda unashuka hadi kama dakika 10.

Gari halina ngozi. Upepo hulipoza haraka zaidi, lakini hauwezi kulishusha chini ya joto la hewa yenyewe. Basi namba ya kwanza ni ya gari na mabomba ya maji, ya pili ni yako na watoto.

Tahadhari ziko za ngazi mbili: ushauri wa hali ya baridi, na juu yake onyo la baridi kali. Wenyeji bado watakutajia majina ya zamani yenye neno upepo, lakini Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa iliyabadilisha Oktoba 2024. Ukiona onyo, usisubiri kazini wakwambie usije. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka hadi -28, shule zikafungwa, hata posta ikaacha kupeleka barua. Nyumba za wazee hazikufungwa, wala haziwezi kufungwa. Mzee lazima ageuzwe kitandani na apewe dawa, na anayempa ni wewe.

Hatua ya 2: Nguo

Pamba isiguse mwili. Ikishika jasho inakaa na unyevu, na unyevu ndio unaokupoza. Sare za kazi nyingi ni pamba au mchanganyiko wake, kwa hiyo vaa chini yake fulana na suruali ndefu ya ndani ya sufu au poliesta, juu yake sweta zito, kisha koti linalozuia upepo na linalofika mapajani. Koti fupi la kupendeza liache kwenye picha.

Glavu za vidole vitano sizitaki kabisa. Nunua zile ambazo kidole gumba kina chumba chake na vingine vinne vinalala pamoja, vinapashana joto. Ndani yake vaa glavu nyembamba, ili ukihitaji kushika ufunguo usibaki na mkono mtupu.

Buti zizidi saizi yako kidogo. Soksi mbili kwenye buti inayobana ni mbaya kuliko soksi moja nzito kwenye buti yenye nafasi, kwa sababu damu isipopita mguu haupati joto. Goodwill, maduka ya mitumba ya huku, huuza buti na makoti mazuri kwa bei ya chini, ila nenda Septemba. Desemba utakuta mabaki.

Mafuta ya kujipaka yanasaidia ngozi isipasuke. Hayazuii kuganda, hata shangazi aseme nini. Na hereni za chuma ziache nyumbani siku hizo. Simu iwe mfuko wa ndani karibu na mwili, la sivyo itazimika ukiwa na chaji nusu.

Hatua ya 3: Gari, kuanzia jioni

Hapa ndipo masaa hupotea, kwa hiyo nivumilieni.

Betri ya kawaida ya gari ikifika nyuzi 0 za Farenhaiti inakuwa imepoteza kama asilimia 60 ya nguvu zake. Wakati huohuo oili imekuwa nzito na injini inadai nguvu nyingi zaidi ili izunguke. Gari lililowaka vizuri Oktoba halikuahidi kitu kuhusu Januari. Maduka mengi ya vipuri hupima betri bure. Nenda kabla ya theluji. Juu ya betri pameandikwa nguvu yake ya kuwasha injini kwenye baridi, na namba hiyo hupimwa kwenye nyuzi 0 hizohizo. Ukinunua mpya, usichukue iliyo chini ya ile kitabu cha gari kinayotaka. Mimi ikizidi miaka minne naibadilisha hata fundi akisema bado inadunda. Bei ya betri mara nyingi haizidi ya kukokotwa mara moja na siku moja ya kazi iliyopotea.

Jioni kabla ya baridi kubwa, fanya haya. Jaza tangi zaidi ya nusu. Hakikisha maji ya kuoshea kioo ni yale yasiyoganda mpaka -20 au chini zaidi, maana maji ya bomba yatapasua chombo chake. Paka siliconi kwenye mipira ya milango. Usilioshe gari. Inua waipa zisigande kwenye kioo.

Kisha egesha boneti ikitazama njia, si ukuta. Hili hakuna anayekuambia. Gari likigoma saa kumi na moja alfajiri, jirani mwenye waya za kushtua betri atakuja na gari lake, na waya zenyewe ni fupi. Ukiwa umeingiza pua ukutani na magari mawili yamekubana pembeni, hakuna mahali atakapofika. Nimeona watu wakisukuma gari kinyumenyume kwenye barafu kwa ajili hiyo tu.

Asubuhi zima kila kitu: hita, redio, taa, feni. Washa ufunguo bila kupiga stata, subiri sekunde chache, halafu piga. Usizidishe sekunde 10. Likikataa, pumzisha dakika moja au mbili, rudia. Sikiliza. Likitoa tak-tak-tak ya haraka, betri haina nguvu. Likiguna polepole kama mzee anayeinuka kwenye kigoda, bado kuna tumaini, jaribu tena. Likinyamaza kabisa bila hata taa ya dashibodi, angalia vichwa vya betri kwanza. Ule unga mweupe au wa kijani huzuia umeme usipite.

Kabla ya kuunganisha waya yoyote, angalia betri yenyewe. Iliyojaa chaji huhimili baridi yote ya Minnesota bila kuganda. Iliyokufa ina maji mengi kuliko asidi, na huganda mapema sana. Ukiiona imevimba ubavuni au ina ufa, iache. Kushtua betri iliyoganda kunaweza kuilipua usoni mwako. Itoe, au mwite fundi.

Ikiwa salama, mpangilio ni huu na haubadiliki:

1. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa.
2. Nyekundu ya pili kwenye chanya ya betri nzima.
3. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima.
4. Nyeusi ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lako, mbali na betri.

Watu hubishana nami kuhusu ya nne, kwa sababu ukiichomeka kwenye betri pia gari huwaka. Huwaka, ndiyo. Lakini betri hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche ya mwisho hutaki iruke juu yake. Liache gari la jirani lingurume dakika kadhaa kabla ya kupiga stata yako, na usimharakishe; baridi ikiwa kali hizo dakika ndizo zinazofanya kazi. Likiwaka, toa waya kwa kuanzia ya mwisho kurudi ya kwanza, kisha endesha nusu saa au zaidi. Kuliacha limesimama likinguruma hakujazi betri kitu cha maana.

Katikati ya haya yote, kumbuka zile dakika 10. Kazi ya waya haifanyiki vizuri na glavu nene, na hapo ndipo vidole huganda. Fanyeni kwa zamu: mmoja nje, mmoja ndani ya gari linalowaka, mbadilishane. Usijivunie uvumilivu.

Mimi binafsi siku hizi sitegemei jirani. Nina kile kiboksi kidogo cha litiamu cha kushtua gari, kinaingia mfukoni. Masharti ni mawili: kichajiwe, na kilale ndani ya nyumba. Ukikiacha kwenye buti ya gari usiku kucha, asubuhi kitakuwa kimekufa pamoja na gari. Kaskazini kabisa, kuelekea Duluth na mpakani, wengi wana hita ya injini inayochomekwa kwenye umeme usiku. Ukipata kazi huko, usibishane, weka.

Mengine kwa ufupi. Mlango ukiganda, usukume kwanza kwa ndani kwa uzito wa mwili ili barafu ivunjike, ndipo uvute. Usimwage maji ya moto kwenye kioo, kitapasuka. Futa theluji kwenye bomba la moshi kabla ya kuwasha. Usilipashe gari moto ndani ya gereji iliyofungwa, na usiliache linanguruma na ufunguo ndani ukarudi kunywa chai. Wezi nao wanaamka mapema, na asubuhi za baridi ndizo zao.

Hatua ya 4: Ukikwama njiani

Kabla ya safari ndefu piga namba ya simu 511 ujue hali ya barabara. Ndani ya gari wakati wote wa baridi ziwepo blanketi, koleo ndogo, tochi, na buti kama kazini unavaa raba.

Ukikwama, usitoke kutembea. Taa ya nyumba unayoiona mbali iko mbali kuliko unavyodhani. Piga 911, namba ya dharura, kaa ndani, washa injini kama dakika 10 kila saa, na kila mara kabla ya kuwasha hakikisha bomba la moshi halijafunikwa na theluji. Fungua dirisha upenyo kidogo upande usio na upepo. Moshi unaoua hauna harufu.

Hatua ya 5: Ngozi ikianza kuganda

Vijitabu vingi vinasema angalia ngozi iliyogeuka nyekundu halafu nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu mara nyingi hauonekani. Angalia rangi ya majivu au ya kufifia, ngozi ngumu inayong'aa kama nta, na zaidi ya yote, maumivu yanayokoma ghafla. Kidole kilichokuwa kinauma kikiacha kuuma ukiwa bado nje, hakijapona.

Ingia ndani. Kiweke kwenye maji ya uvuguvugu, kama nyuzi 38 hadi 40 za Selsiasi, na mwenye mkono mzima ndiye apime, kwa sababu aliyeganda hawezi kuhisi anaungua. Usisugue, usiweke kwenye moto wala hita. Kama kuna uwezekano kitaganda tena kabla ya kufika hospitali, usikiyeyushe kwanza. Kuganda mara ya pili huharibu zaidi. Malengelenge yakitokea, au hisia isiporudi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mtu akianza kuongea ovyo, kujikwaa na kuangusha vitu, na hasa akiacha kutetemeka, joto la mwili limeshuka. Hiyo ni 911 moja kwa moja.

Hatua ya 6: Nyumba

Jiko la makaa lisiingie ndani, hata varanda iliyofungwa. Oveni si hita. Hita ya umeme ichomekwe ukutani, si kwenye kebo ya kuongezea, na ikae mita moja mbali na pazia na kitanda. Usiku wa baridi kali acha bomba la sinki lililo kwenye ukuta wa nje lidondoshe tone tone, na milango ya kabati chini yake iwe wazi.

Sheria ya jimbo inamtaka mwenye nyumba kuhakikisha nyuzi 68 za Farenhaiti (20 za Selsiasi) kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, isipokuwa pale unapodhibiti joto mwenyewe. Akikwambia kwamba baridi ni kawaida ya huku, piga picha kipimajoto pamoja na saa, mtumie kwa maandishi. Bili ya gesi ikikushinda, piga simu kampuni kabla hawajakata, uombe mpango wa malipo chini ya kanuni ya jimbo ya baridi (Cold Weather Rule); kanuni hiyo hukulinda katika miezi hiyohiyo, lakini sharti ukubaliane nao mpango na uufuate. Hujui pa kuanzia? Piga 211, namba ya kuelekezwa kwenye misaada, omba mkalimani wa Kiswahili.