Oda ya hisa ukiikosea bei, wahi kabla haijapata muuzaji

Nyie mnaonunua hisa kwenye Soko la Hisa la Dar kwa simu huku mmebanana kwenye daladala ya Mwanjelwa, sikieni. Oda, yaani agizo lako la kununua hisa kwa bei uliyotaja, ikiwa bado inasubiri inafutika; ikishakutana na muuzaji, imekwisha hiyo. Kuna na ya nusunusu: umeagiza hisa 500, zimepatikana 200. Hapo utafuta zile 300 tu, 200 ni zako tayari. Ukibadilisha bei unatoka kwenye foleni, unapanga upya nyuma ya waliotangulia kwa bei hiyo, kwa hiyo usiihangaishe oda kwa shilingi 5. Mvua ya Mbeya ikivuruga mtandao, mimi nabonyeza kufuta mara moja tu, kisha nangoja mpaka isomeke imefutwa ndipo niweke nyingine. Nilishawahi kuharakisha, nikajikuta na oda mbili.