Kukarabati nyumba ya kwanza Lubumbashi: omba ruhusa kabla hujafungua malata

Nilinunua nyumba Katuba, komini (mtaa mkubwa) ya hapa Lubumbashi, mwezi wa tatu mwaka jana. Vyumba vitatu, malata (mabati) yenye kutu, na ufa ukutani uliomeza vidole vyangu vyote vinne. Mipango ilikuwa michache: kubadilisha paa, kuongeza chumba kimoja nyuma, kuhamisha jiko. Nilijiambia mwezi wa saba nitalala kwangu. Nililala kwangu mwezi wa kumi na moja. Katikati hapo kuna wiki 11 zilizoliwa na jina la mtu aliyekwisha kufa, na dola 800 zilizoliwa na mtu mzima kabisa mwenye simu mbili.

Nitapita kwenye hatua zote, ila hizo mbili ndizo nitakazokawia.

Anza kuhesabu kutoka kwenye mvua

Mvua zetu hukatika Aprili na kurudi Oktoba, zikichelewa sana Novemba. Maana yake paa likishafunguliwa lazima lifungwe kabla Oktoba haijaisha. Rudi nyuma kutoka hapo: kazi ya paa na kuta, miezi miwili ukiwa na bahati, ruhusa, mwezi na zaidi, karatasi za umiliki, Mungu anajua. Anayetaka kujenga kiangazi hiki alipaswa kuanza kupanga foleni mvua bado inanyesha. Isitoshe, mafundi wazuri wote hushikwa Mei. Wanaobaki Agosti wamebaki kwa sababu.

Je, kazi yako inahitaji ruhusa?

Kupaka rangi, kubadilisha vioo, kuweka karo jikoni: hakuna atakayekuuliza. Lakini ukigusa kinachobeba nyumba, yaani msingi, ukuta au mbao za paa, au ukiongeza chumba, au ukichimba fosi (shimo la choo) mpya, omba ruhusa ya kujenga, "permis de construire", ambayo wengi bado huiita "autorisation de bâtir". Jambo hili si la jana. Dekreti ya urbanisme (mipango miji) ni ya tarehe 20 Juni 1957, na mwaka 2013 wizara ikatoa arete (agizo la waziri) yake kuhusu ruhusa za kujenga. Ukubwa wa jengo ndio unaoamua dosie (faili lako) itapanda hadi meza ya nani.

Jirani atakuambia, "Hapa Katuba nani anaombaka?" Ni huyo huyo utakayemkuta amekunja mikono barabarani siku watu wa urbanisme wanapokuja kuchora msalaba mwekundu kwenye ukuta wako mpya.

Jina: hapa ndipo nilipokwama

Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote ni wa Leta (serikali). Wewe una haki juu yake tu, na haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja: "certificat d'enregistrement". Fiche ya parseli (kiwanja) kutoka komini haitoshi. Livret de logeur (kitabu cha zamani cha mwenye nyumba) ya babu yako, hata iwe na kashe (muhuri) nzuri ya zamani, haitoshi. Ni mwanzo wa safari tu.

Mimi nilikuwa na certificat. Nilijiona tajiri. Tarehe 6 Mei nikafika ofisini kuomba ruhusa saa moja na nusu asubuhi, nikawa mtu wa kumi na nne, na saa tano nikakaa mbele ya meza. Bwana yule akafungua dosie, akasoma ukurasa wa kwanza, akaifunga.

"Mama, hii jina haiko yako."

Nikamwambia nimenunua, karatasi ya kuuza iko chini yake.

"Ule aliuzisha ni nani?"

Mtoto wa kwanza wa marehemu.

"Na bengine?"

Bengine wako watatu. Akanirudishia dosie kwa vidole viwili, kama samaki wa juzi.

Hakuwa amekosea, na hilo ndilo lililoniuma. Mwenye jina kwenye certificat akifa, mtoto mmoja hawezi kuuza peke yake, hata kama ndiye aliyekuwa anamlisha baba. Warithi wakutane, waandike proseverbali (kumbukumbu) ya baraza la familia, wamchague mmoja awe likidateri (msimamizi wa mirathi), kisha Tribunal de paix (mahakama ya amani) imthibitishe kwa hukumu. Likidateri huyo ndiye anayekuja kutia sahihi karatasi ya kuuza mbele ya notere (mthibitishaji wa mikataba). Baada ya hapo ndipo unakwenda kwa konservateri (msajili wa hati za ardhi) kuomba mitasio, yaani certificat ya zamani ifutwe na mpya itoke kwa jina lako.

Ukiisoma hivi inaonekana ni asubuhi mbili. Mrithi mmoja alikuwa Kipushi, akaja siku ile ile. Wa Kolwezi aliomba nauli, kisha nauli ya mke wake, kisha akauliza kama nitawalaza. Dada yao wa hapa komini ya Kenya hakutaka chochote, ila postnom yake (jina lake la pili) kwenye kadi ya mpiga kura ilikuwa na "y" na kwenye karatasi ya kuzaliwa ilikuwa na "i", na kwa herufi hiyo moja tulirudishwa mara mbili. Katika ofisi nyingine, ambayo sitaitaja, kijana aliniomba barua ya bwana wangu ya kunikubalia. Nikamwambia huyo bwana bado sijakutana naye, akimwona amsalimie. Foleni nzima ilicheka, na karatasi ikapita.

Tarehe 22 Julai ndiyo niliyorudi na karatasi zenye jina langu. Wiki 11.

Kwa hiyo, wewe ambaye hujalipa bado: nenda kwanza kwa konservateri na nambari zilizoandikwa juu ya certificat, volume na folio. Certificat ni ukurasa wa kitabu, na kitabu kiko pale. Omba waangalie kama jina ni lile lile, kama hakuna ipoteki (rehani), kama hakuna aliyeweka pingamizi. Muuzaji akisema karatasi zote ziko sawa, mwambie vizuri, twende pamoja. Anayesema leo ana homa, kesho pia atakuwa na homa.

Dosie yenyewe

Hapa sikuumia sana, nitakwenda haraka. Barua ya kuomba, kopi ya certificat, kopi ya kadi, kroki ya kadasti (mchoro wa kiwanja kutoka ofisi ya upimaji), plani za architekti (jinsi nyumba inavyokaa kwenye parseli, vyumba, mkato, sura za nje) na devi (makisio ya gharama). Wengine huchora plani kwa kijana wa sibere (duka la kompyuta). Anachora vizuri, ila hana sahihi inayokubalika, na utalipa mara mbili.

Peleka dosie mbili. Ya pili ni ya kupigiwa kashe ya kupokea, yenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Bila kashe hiyo, siku dosie itakapopotea itakuwa haijawahi kuwepo. Yangu "ilipotea" siku nne, nikaonyesha kashe, ikapatikana chini ya kalenda.

Watu wa ofisi watakuja kuona parseli. Siku hiyo uwepo mwenyewe, na mipaka ionekane: tuliposafisha majani tulikuta jiwe la mpaka liko ndani ya banda la kuku la jirani, na hilo lingekuwa neno kubwa kama wangeligundua wao kwanza.

Kuhusu malipo: usilipe bei ya mdomo. Ngoja "note de perception" (karatasi ya kudai malipo), peleka banke, chukua bordero (risiti ya benki), piga kopi tatu. Mtu akikuambia mezani kwamba akipokea yeye itakwenda haraka, mwombe kwa heshima, "Shefu, uniandikie note." Mara nyingi neno hilo linatosha. Ruhusa yangu ilitoka tarehe 28 Agosti.

Antreprena: makosa yangu kwanza

Mwezi wa sita, nikiwa bado nahangaika mahakamani, nilimpata antreprena (mkandarasi). Gari safi, simu mbili, picha za nyumba nzuri. Kila alipofika parselini aliuliza, "Mama, papa iko wapi?" na alipojua papa hayuko, devi ikaongezeka kidogo. Ilikuwa ukurasa mmoja. Kwenye simenti aliandika "forfait", yaani bei ya jumla bila idadi. Kwenye chuma, "forfait". Kwenye malata, "forfait". Aliomba asilimia 60 mbele ili anunue vifaa kabla bei haijapanda, na kwa kuwa simenti yetu nyingi ilikuwa ikitoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, mpaka ukiziba siku tatu bei ilikuwa inaruka kweli. Uongo mzuri siku zote una mguu mmoja kwenye ukweli. Nikalipa. Sikuwa na ruhusa, sikuwa hata na jina kwenye certificat.

Nililipia mifuko 40, ikafika 22. Halafu simu ya kwanza ikazimika, na ya pili ikawa inapokelewa na mtoto.

Wa pili nilimtafuta vingine. Sikuangalia picha. Nilimwomba kila mmoja anipe nyumba mbili alizozimaliza ambazo tayari zimenyeshewa misimu miwili, nikaenda mwenyewe kubisha hodi. Watu wanapokea vizuri ukisema umekuja kuona kazi ya fundi. Wana mengi ya kusema. Angalia plafo (dari) kwenye kona, alama za chai ni maji. Angalia pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani. Kisha uliza swali moja: mwishoni aliwaomba pesa ya kuongeza mara ngapi?

Kampuni ikupe nambari ya RCCM (rejesta ya biashara), Id. Nat. (kitambulisho cha taifa cha biashara) na nambari ya impo (kodi). Kama ni masoni (fundi mwashi) mzee na vijana wake hatakuwa navyo, na si dhambi. Mzee niliyemchagua hakuwa navyo. Lakini mkataba uandikwe hata kwa karatasi ya daftari, na mashahidi wawili.

Kusoma devi

Usilinganishe jumla ya chini. Linganisha idadi. Betoni ya nguzo na mikanda (ile inayozunguka juu ya kuta) kwa kawaida huhesabiwa kilo 350 za simenti kwa mita moja ya ujazo, yaani mifuko saba ya kilo 50. Aliyeandika mitano anakuibia nguvu. Aliyeandika kumi anamjengea na shemeji yake. Malata yaandikwe nambari ya BG (kipimo cha unene), na ukumbuke inakwenda kinyume: BG 32 ni nyembamba kuliko BG 28. Kwenye devi mbili za bei tofauti, tofauti yote ilikuwa hapo. Chuma cha 12 kipimwe, maana sokoni kuna cha 12 ambacho ukikipima kinakuwa cha 10 na kitu.

Matofari ya kuchoma ya huku hutengenezwa kwa udongo wa vichuguu, na yakiiva vizuri ni mazuri. Chukua mawili, yagonganishe. Yakilia kama chuma, chukua. Yakilia kama kifua cha mgonjwa, acha. Lingine liache ndani ya ndoo ya maji usiku mzima; asubuhi lisiwe uji. Mzee wangu alifanya hivyo hata kwa matofari ya kuta za zamani, na hapo ndipo tulipojua ufa umetoka wapi: ukuta wa nyuma ulikuwa wa matofari mabichi, umefunikwa krepi (plasta) ya simenti nje ili ufanane na mingine. Tulibomoa mita nne. Hilo halikuwa kwenye devi yoyote, kwa hiyo weka pesa pembeni kwa ajili ya kile ambacho krepi inaficha.

Vifaa nilinunua mwenyewe safari hii, yeye nikamlipa kazi tu. Mifuko ya simenti ilikaa juu ya mbao, ndani ya chumba chenye kufuli, na kila jioni niliihesabu. Mzee hakukasirika. Alisema ni vizuri, kesho asije akaulizwa yeye.

Kulipa

Asilimia 20 siku ya kuanza. Inayofuata, kuta zikifika kwenye mkanda. Inayofuata, mbao za paa zikikaa. Inayofuata, malata yote yakipigwa. Asilimia 10 ya mwisho iandikwe kwenye mkataba kwamba italipwa baada ya mvua kubwa ya kwanza. Antreprena wa gari safi angekataa sharti hilo. Mzee alilisoma mara mbili, akauliza, "Mvua kubwa, ni nani atasema ni kubwa?" Tukaandika: ile itakayojaza ndoo iliyo wazi uani.

Ukianza, bandika kibao mbele ya parseli chenye nambari ya ruhusa, na uache kopi kwa fundi. Ya asili ibaki nyumbani. Kwangu wakaguzi walipita mara tatu. Mara zote walisoma kibao, wakaomba kuona kopi, wakaomba maji ya kunywa, wakaenda.

Tulifunga paa tarehe 17 Oktoba. Mvua ilikuja kidogo kidogo mpaka katikati ya Novemba, kisha usiku mmoja ikashuka yote, umeme ukakatika, nami nikazunguka chumba kwa chumba na tochi nikipapasa kuta. Saa kumi na mbili asubuhi mzee alikuwa mlangoni, viatu vimejaa matope. Hakunisalimia kwanza. Alipitiliza hadi uani kutazama ndoo.