Kufunga rada ya kuhesabu magari kando ya barabara: kuanzia nguzo hadi takwimu

Mwongozo huu ni wa rada inayoitazama barabara kutoka pembeni. Inafungwa juu ya nguzo, uso wake ukielekea upande wa pili wa barabara, na inahesabu magari ya kila njia, mwendo wao na urefu wao bila kuchimba lami. Rada nyingi za aina hii hutumia masafa ya gigahezi 24. Mfano tutakaoufuata ni barabara kuu ya Tanzania yenye njia nne, mbili kila upande, kisiwa cha mita 3 katikati, na umeme wa jua.

Kabla ya kushika spana, elewa jambo moja: rada haioni njia, inaona umbali. Gari la njia ya kwanza liko karibu, la njia ya nne liko mbali, na kwa tofauti hiyo tu ndipo rada inajua nani yuko wapi. Rada yenye upana wa masafa wa megahezi 250 hutenganisha vitu vilivyoachana kwa sentimita 60 hivi. Mahali pa nguzo ndipo panapoamua ubora wa hesabu. Gari ambalo rada haikuliona, hakuna programu itakayolirudisha.

Hatua ya 1: Chagua mahali

Tafuta kipande kilichonyooka ambako magari yanapita bila kusimama. Kaa angalau mita 200 kutoka kituo cha daladala, tuta, makutano au foleni ya mizani. Gari likisimama mbele ya rada, urefu wake haupimiki sawasawa, na likikaa sana huanza kuchukuliwa kama sehemu ya mandhari.

Kagua vyuma. Bango la mabati, uzio wa chuma au ukuta mrefu ng'ambo ya barabara hurudisha mawimbi, na utaona "magari" yakipita mahali pasipo na njia. Chini ya daraja usifunge kabisa.

Kwenye mlima wenye njia ya ziada ya malori, simika nguzo upande wa wanaoshuka. Malori yanayopanda taratibu yatakuwa mbali na rada, na kivuli chao, yaani eneo wanalolificha rada isilione, kitaangukia nje ya barabara badala ya kuziba njia nyingine.

Barabara kuu ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa hiyo nguzo yako itakuwa ndani ya eneo la TANROADS, wakala wa barabara kuu. Pata kibali cha maandishi kwa meneja wa mkoa kabla ya kuchimba. Hakikisha pia kifaa chenyewe kimeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa kuwa kinarusha mawimbi ya redio.

Hatua ya 2: Pima umbali na kimo

Hapa usiharakishe. Pima kutoka mahali pa nguzo hadi ukingo wa njia ya kwanza, kisha upana wa kila njia, mabega na kisiwa. Ziandike zote, utazihitaji tena kwenye programu.

Chukua nguzo iliyo mita 6 kutoka ukingo, njia zikiwa na upana wa mita 3.5. Lori la kontena lenye kimo cha mita 4.2 linapita njia ya kwanza. Rada ikiwa mita 5.5 juu, lori hilo linaficha gari dogo lolote hadi umbali wa karibu mita 28 kutoka kwenye nguzo. Barabara nzima inaishia mita 23, maana yake kila gari dogo lililo sambamba na lori halihesabiwi, hata la upande wa pili. Pandisha rada hadi mita 8: kivuli kinaishia mita 15 na nusu hivi. Njia ya pili bado inafichwa, lakini upande wote wa pili wa barabara umefunguka.

Kupandisha kuna gharama yake. Rada hupima umbali wa mshazari, na kadiri inavyokwenda juu ndivyo njia za karibu zinavyoonekana kusogeleana. Katika mfano wetu, kwa kimo cha mita 5.5 katikati ya njia ya kwanza na ya pili zimeachana kwa mita 3.0 machoni pa rada. Kwa mita 8 zimeachana kwa mita 2.7. Hiyo inavumilika. Lakini nguzo ikiwa mita 2 tu kutoka ukingo, kimo kile kile cha mita 8 kinazibakisha na mita 2 kasoro. Kwa hiyo nguzo ya karibu iwe fupi, na ya mbali ndiyo irefuke. Jedwali la mtengenezaji ndilo lenye neno la mwisho; kila modeli ina lake.

Hatua ya 3: Simika nguzo

Kwa nguzo ya chuma ya mita 8.5 iliyochovywa zinki, chimba shimo la sentimita 80 kwa 80, kina mita 1.5. Zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) litakula karibu mifuko 7 ya saruji ya kilo 50. Weka bolti nne za nanga za milimita 24, zikishikwa na fremu ya mbao ili zisihame wakati wa kumwaga, na bomba la plastiki la kupitishia waya wa ethi. Ikiwa udongo ni mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, vipimo hivi havitoshi. Mwite mhandisi wa ujenzi.

Liache zege siku 7 ukilimwagilia, ndipo usimamishe nguzo. Inyooshe kwa timazi kutoka pande mbili.

Ethi isiachwe kwa sababu ya haraka. Nguzo ya chuma iliyosimama peke yake penye uwazi ni mlango wa radi. Piga fimbo ya shaba ya mita 1.5, pima ukinzani wake na ardhi, na usikubali zaidi ya omu 10. Ukizidi, ongeza fimbo ya pili umbali wa mita 3 na uziunganishe. Kinga za radi zikae kwenye waya wa umeme na kwenye waya wa data pia. Mafundi wengi hukinga umeme peke yake, na radi inaingia kwa njia ya data.

Hatua ya 4: Umeme wa jua

Rada ya wati 8 na modemu ya wati 3 zikifanya kazi saa 24 zinakula watisaa 264 kwa siku. Pamoja na upotevu, panga 320. Wakati wa masika hesabu saa 4 tu za jua kamili. Paneli ya wati 150 inatosha, hata ikishika vumbi la barabara. Ielekeze kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, ili mvua iioshe.

Kwa siku tatu za mawingu unahitaji watisaa 960. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampeasaa 100 inabeba hiyo. Ya asidi, kwa kuwa haifai kuishusha chini ya nusu, iwe ampeasaa 160. Sanduku liwe juu ya mita 3 kutoka ardhini, lenye kufuli na nati zisizofunguka kwa spana ya kawaida. Betri ndiyo inayoibwa kwanza.

Angalia urefu wa kebo. Waya wa milimita 0.75 za mraba wenye urefu wa mita 12 unapoteza kama volti 0.4, si neno. Ukiweka sanduku mita 60 kutoka kwenye rada kwa waya huo huo, unapoteza karibu volti 1.9. Betri ikishuka hadi 11.8 alfajiri, rada inapata chini ya volti 10 na huenda ikazima na kuwaka yenyewe. Tumia waya wa milimita 2.5.

Hatua ya 5: Funga na elekeza rada

Tumia mikanda ya chuma kisichoshika kutu. Plagi itazame chini, ipakwe grisi ya silikoni, na kebo iache kitanzi chini yake ili maji yadondoke hapo badala ya kufuata waya hadi ndani.

Kisha rekebisha pembe tatu, kwa mpangilio huu. Kwanza, mwale wa rada, yaani mawimbi inayoyarusha mbele, uikate barabara kwa nyuzi 90, usizidi tofauti ya nyuzi 2. Ukipinda, gari linabadilisha umbali likiwa bado ndani ya mwale na njia mbili zinaanza kuchanganyika. Pili, inamisha rada itazame katikati ya njia zote unazozihesabu. Tatu, ilaze sambamba na mteremko wa barabara: weka pima maji juu ya lami, soma mteremko, upeleke ule ule kwenye rada. Usiisawazishe na upeo wa macho.

Kaza bolti mwisho, baada ya mwenzako aliye chini kuthibitisha kwenye kompyuta kwamba magari ya njia zote yanaonekana.

Hatua ya 6: Mawasiliano na saa

Kebo ya data ikizidi mita 15 tumia RS-485 (mfumo wa kupeleka data kwa waya), jozi moja ya waya uliosokotwa, kizuizi (rezista) cha omu 120 kila mwisho, na ngao ya kebo iunganishwe na ethi upande mmoja tu. Rada isipojibu, jaribu kwanza kubadilisha waya A na B. Mara nyingi kosa liko hapo.

Saa ya rada iwe UTC+3, yaani saa ya Afrika Mashariki. Karatasi za kuhesabia kwa mkono ziandikwe 0700 au 1900, isiwe "saa 1". Msaidizi akiandika kwa saa zetu na rada ikiandika kwa saa 24, unaishia kulinganisha asubuhi na usiku.

Hatua ya 7: Chora njia

Acha programu itafute njia yenyewe hadi yapite magari mia kadhaa, kisha ulinganishe na vipimo vya hatua ya 2. Njia iliyoibuka katikati ya kisiwa ni mwakisiko, ifute. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, ukisimama penye nguzo na kuitazama barabara, magari ya njia za karibu yanatoka kulia kwenda kushoto. Programu ikionyesha kinyume, geuza mwelekeo sasa hivi, maana baada ya miezi mitatu ya takwimu hakuna atakayegundua.

Bega la lami lichore kama njia inayojitegemea. Bodaboda na bajaji hupita humo, na usipolichora zitaangukia njia ya kwanza au zitapotea. Bodaboda mbili zinazokwenda sambamba zitahesabiwa moja. Liandike hilo kwenye ripoti.

Hatua ya 8: Hakiki mwendo, kisha urefu

Mpangilio huu usiugeuze. Urefu hupatikana kwa kuzidisha muda wa gari ndani ya mwale na mwendo wake, kisha kutoa upana wa mwale. Gari likienda kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, na kukaa ndani ya mwale sekunde 0.45, hiyo ni mita 9; toa mwale wa mita 4, gari lina mita 5. Rada ikidhani mwendo ni 80, gari hilo hilo linakuwa mita 6. Ukirekebisha urefu wakati mwendo una kosa, umeficha kosa moja ndani ya jingine. Mwale pia hupanuka kadiri unavyokwenda mbali, kwa hiyo kila njia irekebishwe peke yake.

Pitisha gari lenye GPS mara kumi kila njia kwa mwendo usiobadilika, au linganisha na tochi kama ya trafiki. Kwa hesabu, rekodi video ya dakika 15 mara tatu, moja ikiwa saa ya msongamano. Kubali tofauti ya asilimia 5 njia za karibu na 10 za mbali. Usitosheke na jumla: tela linalohesabiwa mara mbili linaweza kufidia gari dogo lililofichwa, na jumla ikatoka safi huku kila kundi likiwa na kosa. Tela zikikatika vipande viwili, ongeza kidogo muda wa kuunganisha. Ukiongeza mno, daladala mbili zinazofuatana zitakuwa basi moja.

Baada ya kuwasha

Takwimu zihifadhiwe kwa vipindi vya dakika 15, ndani ya rada na kwenye seva, kwa sababu mtandao wa simu utakatika. Wiki ya kwanza angalia kila siku. Njia moja ikishuka ghafla huku nyingine ziko vilevile, rada imehama kwenye mkanda wake au tawi limeota mbele yake. Zote zikishuka usiku tu, pima betri. Zikipanda wakati wa mvua kubwa peke yake, punguza usikivu wa njia ya mbali, hatua moja moja, na uhesabu tena kwa video kila unapopunguza. Kila miezi mitatu safisha paneli, kaza mikanda, na urudie hesabu ya video angalau dakika 15. Ethi ipime mwishoni mwa kiangazi, udongo ukiwa mkavu kabisa.